Msumari wa Bi Shemsa

Msumari ulikuwa umeshapigwa ukutani. Katika karakana ile, fundi akishindwa kunoa patasi yake huitundika, huagwa kwa chai na mikate, na hakerezi tena. Bi Shemsa alikuwa amekereza miguu ya vitanda kwa miaka arobaini, lakini sasa baridi yabisi ilimkakamaza vidole na kinoo kilimshinda.

"Tundika basi, mama, chai inapoa," alisema Kheri, msimamizi.

Bi Shemsa akatoa mkobani patasi ngeni yenye mpini mrefu. Nchani pake kulikuwa na kijipande cha mraba cha kabaidi, metali ngumu isiyonolewa, chenye makali pande zote nne, kimefungwa kwa skrubu.

"Hiyo ni ya wasiojua kunoa," Kheri akasema. Wenzake wakacheka.

"Wewe kunoa ulifundishwa na nani?" Bi Shemsa akamuuliza.

Akaibana kiunoni kanga ya mabegani aliyojitanda kwa ajili ya kuagwa, akafunga kipande cha mvule kwenye mashine ya kukerezea, akaiwasha. Maranda yakamrukia kifuani. Mguu wa kitanda ukaanza kujitokeza, kiuno chake chembamba, pete zake sawasawa, mpaka patasi ikaanza kukwaruza.

"Makali yamekwisha," alisema Kheri. "Haya, sasa?"

Akazima mashine. Akalegeza skrubu, akakigeuza kile kijipande upande ambao haujatumika, akakaza. Makali yakawa mapya.

Ndipo akaifungua ile kanga, akaenda kuitundika kwenye msumari wake.

"Chai nileteeni hapa hapa," alisema, akawasha tena mashine. Pale ukutani, kanga ikaanza kushika vumbi la mbao.