Kopo la Chumvi

Daktari alipomkataza Makame chumvi, mkewe Chausiku naye aliiacha, ili mumewe asile chakula chapwa peke yake. Mchana mmoja alikwenda kumrudishia mdogo wake Riziki bakuli lake. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, kwa hiyo alilijaza mchicha wa nyumbani, ule usio na chumvi.

Jikoni kwa Riziki alimkuta Makame, vidole vimelowa mchuzi wa samaki wa chumvi.

"Dada, anakuja mwenyewe kila mchana," alisema Riziki. "Anasema chakula chako hakimezeki."

Makame hakuinua macho. Chausiku aliliweka bakuli mbele yake, akaondoka.

Nyumbani alishusha kopo la chumvi. Ilikuwa imegandamana kama jiwe. Makame aliporudi jioni na kuuliza wanakula nini, Chausiku alikuwa bado anaitwanga.