Jaji wa Bia ya Ngano

Usijifanye hukuona. Ulipita Masaka, ukaliona bati jipya liking'aa pale palipokuwa na maharagwe ya mama Mukandekezi, ukampiga motari begani aongeze mwendo. Mlipita wengi. Sisi tunakumbuka maharagwe yalikuwa tayari yametoa maua. Basi leo shuka kwenye hiyo pikipiki, uone kinachonywewa humo ndani.

Humo ndani yumo Clovis, tai shingoni, pua mbele kama mbwa aliyesikia sufuria ya jirani. Cheo chake ni jaji wa bia. Bayingana, mwenye kiwanda, ndiye aliyempa cheo hicho na kiti cha mkono wa kulia, na tangu siku hiyo Clovis haitikii salamu ya mtu aliyeshika ndoo.

Mbele yao amesimama Annick, jagi mkononi. Annick ni binti wa Mukandekezi. Mama alipohamishwa shambani ili Bayingana ajenge kiwanda, alikwenda kupanga chumba Nyakabanda. Binti akarudi palepale alipokuwa akipalilia, safari hii kupika bia ya bwana. Usimcheke. Tumbo halina kiburi. Jagi lile ni bia yake ya kwanza, bia ya ngano ya Kimarekani, ile inayotakiwa siku hizi na wenye mabaa. Bayingana alimwambia mbele ya watu, tena akitabasamu: isipofaulu leo, asije kesho. Na Annick asipokuja kesho, chumba cha Nyakabanda hakina wa kukilipia.

Mnunuzi naye alikuwapo, Ntare, mwenye baa kubwa ya Kagarama, amekaa kushoto akijifuta kipara.

Annick alimimina glasi tatu. Kisha akafanya kama anavyofanya kila anayempa mgeni kinywaji katika nchi hii: akainua moja aonje yeye kwanza, wageni wapate amani.

"Wee, weka chini!" Clovis alifoka. "Unatia mate yako kwenye bia ya watu? Unadhani uko kwa bibi yako, mnapokezana mrija?"

"Ni heshima tu, patron. Anayemimina ndiye anaanza."

"Heshima ya kijijini hiyo, sha. Hapa anaanza jaji."

Ntare alicheka. Bayingana hakucheka. Aliichukua ile glasi mkononi mwa Annick, akampa Clovis.

"Umesikia, binti? Anaanza jaji. Clovis, maliza yote. Usiteme."

"Jaji wa bia hatemi, mzee," Clovis alijibu, kifua kimemjaa. "Wanaotema ni wale wa divai."

Ntare akanyoosha mkono achukue yake. Bayingana akaifunika kwa kiganja.

"Pole pole, ndugu yangu. Kwanza jaji."

Clovis akanywa, akazungusha kinywani, akameza, akafumba macho kama padri kwenye misa. Lo, watu hawa wanavyojua kufumba macho!

"Povu, la sabuni ya kufulia," alisema. "Rangi, mkojo wa ndama mgonjwa."

"Endelea," alisema Bayingana. Alikuwa akimtazama usoni.

"Na inanuka ndizi. Nani alikutuma utie ndizi?"

"Sikutia, patron. Umeme ulikatika, tangi likapata joto. Ni hamira ndiyo imetoa harufu hiyo."

"Harufu ya ndizi ni ya bia ya ngano ya Wajerumani. Katika ya Kimarekani hamira inanyamaza. Unasikia mkate, na ganda la limau kwa mbali, basi. Hii imepotea njia kama aliyeipika."

Na alisema kweli, ndilo linalouma. Ulimi wake ulikuwa mzuri. Kilichokuwa kibovu ni vingine vyote.

Annick alishika jagi kwa mikono miwili. "Mzee," alimwambia Bayingana, "niruhusu niipike tena. Mara moja tu. Mama yangu…"

"Nyamaza, namsikiliza jaji." Bayingana akasogeza kiti chake karibu na Clovis. "Maliza hiyo iliyobaki. Inashukaje?"

Clovis alimaliza, akakunja uso. "Kama maji yaliyoosha sufuria. Pombe ya mtama ya walevi ina adabu kuliko hii."

"Joto hulisikii?"

"Nasikia hasira tu, mzee!"

Hapo Clovis akasimama, maana watu wa aina yake hawawezi kumkanyaga mtu wakiwa wameketi. Akavuta tai. Akamnyooshea Annick kidole.

"Bia hii haifai hata kuoshea tairi. Imwagwe yote. Na huyu arudishwe kwa mama yake leo hii, asilale na kazi."

Akaendelea. Akataja povu tena, akataja joto la tangi, akataja aibu ya kiwanda kizima. Annick alikuwa ameshaanza kuvua aproni. Bayingana alimtazama Clovis midomo, akamtazama mikono, akaitazama glasi tupu. Mwishowe akashusha pumzi, akaondoa kiganja juu ya glasi ya Ntare.

"Imefaulu," alisema.

"Mzee! Nimesema imwagwe!"

Bayingana hakugeuka. Alikuwa akigonganisha glasi na mgeni wake.

"Kitu kilichotoka mikononi mwa binti wa yule mama, ningekinywaje hivi hivi? Lakini umeona mwenyewe, ndugu yangu: kamaliza glasi nzima, na bado anaongea. Kunywa basi, unangoja nini?"