Viboko vya Mufalme

Mufalme wa Uingereza alikataa kupiga magoti.

Ni Désiré huyo aliyemucheza jukwaani, mutoto wa ukoo wa mwami, mufalme wa kule kwetu Bushi. Alivaa taji la kopo la biskuti, na soksi yenye tundu. Kidole kikubwa kilikuwa kinachungulia watu.

Mimi, mama mumoja wa parokia, nilicheza mutawa mwenye fimbo ya karatasi. Mufalme yule wa zamani, askari wake waliua askofu, donc ilibidi achapwe na watawa kwenye kaburi la askofu huyo. Na padri wetu Mubeleji, aliyekaa mbele kabisa, alishatuambia: mchezo ukienda vizuri, parokia itatupa misa ya Kiswahili kila Siku ya Mungu hapa Bruxelles.

“Piga magoti, mwanangu,” nikamunong'oneza.

“Hapana, maman. Mufalme hapigwi na kanisa mbele ya watu.”

“Huyu alipigwa.”

“Aliua askofu! Mimi nimeua nani?”

Padri akatazama saa yake.

“Bon. Wewe basi, nani anaweza kukupiga?”

Désiré akanyoosha shingo, ukumbi wote usikie. “Mutoto wa mwami anapigwa na mujomba wake peke yake!”

Kule nyuma kiti kikalia. Kaka ya mama yake, muzee aliyekuja na treni ya Liège, akapanda jukwaani polepole. Akapokea fimbo yangu ya karatasi, akaitazama, akanirudishia. Kisha akaanza kufungua mukanda wake.

Haujatoka hata nusu, mufalme wa Uingereza alishakuwa chini, analia: “Askofu, unisamehe!”