Kirungu cha Kushoto

Nuswaiba alibonyeza kamera, akavuta filamu mbele, akabonyeza tena. Nyuki walikuwa wakichomoka mzingani kama cheche. Nyuma ya ua, majirani walishawasha moto wa kuwafukuzia. Hawakutaka kuwaona tena baada ya leo. Na ndani, mama yake, aliyewafuga nyuki hao mpaka ugonjwa ulipomlaza kitandani, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: awaone wakiruka, japo pichani.

Ndipo jicho la Nuswaiba lilipotua kwenye kirungu cha kushoto cha kamera, kile cha kurudishia filamu. Filamu inaposogea, kirungu hicho huzunguka. Akavuta. Hakikuzunguka.

Labda filamu ilikuwa imekatika sasa hivi. Labda haikunasa tangu alipoitia, na hajapiga picha hata moja. Lakini akiifungua kamera juani kutazama, zilizomo zote zitaungua.

Akakimbilia ndani, akaisukuma kamera chini ya blanketi zito la mama, kwenye giza.

"Umewapata?" mama akauliza.

"Ngoja kidogo, mama. Nahakikisha."

Akapapasa kifuniko. Vidole baridi vya mama vikaja juu ya vyake, vikakikandamiza kifuniko kisifunguke.

"Usihakikishe, mwanangu. Nisimulie tu walivyokuwa wakiruka."

Moshi ulikuwa umeanza kuingia chumbani. Nyuki mmoja akapita dirishani, akazunguka mara mbili juu ya kitanda, akatua kwenye blanketi, pale penye mwinuko wa mikono yao.