Mama Ameamka Salama

Siku hizo barua ya mashine ikikosa jibu la binadamu hutupwa jalalani pamoja na za matapeli, na mtumaji wake hafunguliwi mlango tena. Ndiyo maana kitanda cha wagonjwa chenye kompyuta, ambacho Mwanahawa alimnunulia mama yake kule Pangani, hakikukosa jibu lake kila kilipomwandikia simuni: “Mama ameamka salama.” Jibu lenyewe lilikuwa salamu, ambazo redio ya nyumbani ilimsomea mama.

Asubuhi moja mama mdogo alimpigia simu kumwambia kwamba mama ana homa kali. Barua ya kitanda ikasema ameamka salama. Mwanahawa akaingiwa na shaka, akafunga safari.

Alimkuta mama amejilaza mkekani, homa imeanza kupungua.

“Mama, kitanda kiko wapi?”

“Kiliniumiza mgongo, mwanangu. Nilikigawa zahanati tangu mwaka jana.”

“Sasa anayeamka salama ni nani?”

 Mama alimkazia macho binti yake.

“Na zile salamu zako ninazosomewa na redio kila siku, ulikuwa ukiziandika mwenyewe?”

Mwanahawa aliinamisha kichwa. Siku nyingi alikuwa ameiachia simu imjibie. Nayo ikalia mkobani, kumjulisha kwamba jibu la leo limekwisha kutumwa.