Mizani ya Nyundo

Bwana Hamdani aliinua kanzu yake isiguse masizi, akasimama begani kwa Mshamu, fundi bati, aliyekuwa akigonga sufuria mbele ya kibanda chake.

"Mshairi kama wewe kugonga masufuria! Huoni haya? Tajiri wangu anakutaka. Utapewa chumba na meza. Kazi ni kumsifu tu, kila Ijumaa."

Mshamu aliendelea kugonga. Tungo zake zote alizitunga hivyo, pigo moja kwa kila silabi: nane, apumue, nane tena. Meza aliitaka, hakujidanganya. Alikuwa amechoka kuandikia magotini.

"Anayemsifu sasa ni nani?"

"Ni mimi," alisema Hamdani, kifua mbele.

"Hebu nighanie."

Hamdani akaghani, Mshamu akimfuata kwa nyundo. Mstari wa pili ulikwisha nyundo ingali hewani. Wa tatu ulipitiliza, ukajikokota wenyewe.

"Mbona tajiri hupiga makofi!" Hamdani alijitetea.

"Meza unayo tangu lini?"

"Mwaka wa kumi huu."

"Miaka kumi mezani, na kufika nane hujui! Ndiko unakonialika? Kamwambie tajiri wako nina kazi."

"Utakufa na masizi yako!"

"Na beti zangu."

Mama mmoja akapenya katikati yao. "Fundi, birika linavuja, sijui wapi."

Mshamu akalifunua, akaliinulia jua. Nuru nyembamba kama uzi ikapenya kitakoni, ikatua kifuani kwa Hamdani, juu ya kanzu nyeupe. Hamdani akaipangusa kwa kiganja. Akapangusa tena.