Miche ya Askofu

Mama Ndeshi aliingia kwenye kikao cha kanisa mabega yamelowa, maana alikuwa ametoka kumwagilia miche mia tatu kwa maji ya kubeba kichwani.

"Askofu anakuja Jumamosi," Mzee Elifasi, mwenyekiti, akamwambia. "Siku hiyo tutaipanda yote kule kilimani."

"Mvua bado, mzee wangu. Miche itakauka."

"Kamati imeshapitisha, mama. Ninyi mtaendelea kumwagilia. Si mmeshazoea?"

"Shingo za akina mama ni za chuma hizo!" mmoja akadakia, na wanaume wenzake wakacheka.

Mama Ndeshi alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. Kisimani hadi kilimani ni mwendo wa saa nzima, na wenzake wawili walikuwa wamelala nyumbani, migongo haiinuki. Akaitoa kichwani ngata yake ya kitambaa, akaiweka mezani.

"Haya, pandeni Jumamosi. Lakini maji ya kilimani mtabeba ninyi, baba zangu."

Akatoka polepole, mkono kiunoni.

Mzee Elifasi akaishika ile ngata iliyolowa, akageukia dirishani, akakitazama kilima.